Gari la Meneja Halikauki

Mlioniacha wiki jana nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sare ya kituo cha mafuta nimevuliwa mbele ya wateja, niwatoe wasiwasi: nilinyanyuka. Na ndoo niliondoka nayo.

Kwa asiyekuwepo, mimi ni muosha magari. Watu huniita Povu, wengine kwa sababu ya sabuni, wengine kwa sababu ya mdomo. Nilipiga maji ya presha kwenye injini ya gari la bibi harusi, gari likazimika katikati ya msafara, bibi harusi akamalizia safari kwenye pikipiki ya mpiga picha, shela linapepea nyuma kama bendera ya nchi iliyoshindwa vita. Hapo ndipo kazi iliponitoka.

Aliyeniokota ni Meneja, mkubwa wa ghala moja la mabati. Alikuwa mteja wangu kituoni. Akaniita, akanionyesha uwanja nyuma ya ghala lake: bomba la maji lipo, kivuli kipo, choo kipo.

"Anzia hapa," akasema. "Sharti langu ni moja tu."

"Sema, Bosi."

"Kila Jumamosi nitakuletea gari saa moja asubuhi. Nitalifuata saa kumi na mbili jioni. Yeyote akiuliza, lilikuwa linasafishwa."

"Siku nzima, Bosi? Lina nini?"

Akaniwekea mkono begani. "Linasafishwa kikamilifu, Povu. Kikamilifu."

Neno hilo ndilo lililoniponza.

Naungama mbele yenu: kwa miezi minane nimeishi kwa neno hilo. Gari la Meneja nilikuwa nalimaliza kabla ya saa sita mchana, nalisogeza kivulini, nalifunika turubai, linalala. Na siri ya wanaume haina mlango. Kabla mwezi haujaisha, rafiki zake wanne walileta ya kwao. Magari matano yakawa yanashinda kwangu kila Jumamosi kama wajukuu walioletwa kwa bibi yao.

Wake zao walipopiga simu, jibu langu lilikuwa moja: "Viti bado vibichi, mama."

Jua linawaka mpaka kunguru wanatembea kwa miguu, mimi viti vibichi.

Msiwaze mabaya. Na mimi niliwaza, ndiyo maana siku moja niliwafuata kimyakimya. Wanaume wale hukutana kwenye stoo moja nyuma ya gereji. Watu wazima watano, wenye ofisi na mihuri, wamevaa kaptura na fulana zilizochoka, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Humo ndani hakuna anayeitwa Bosi. Anayefungwa anafuta benchi.

Nilirudi nikicheka. Nikasema, ah, kumbe dhambi yenyewe ni ndogo hivi!

Dhambi ndogo haina haraka. Inakusubiri unenepe.

Pale kazini niko na shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Mimi naosha nje, yeye ndani: viti, zulia, dashibodi, mifuko ya milango. Mkono wake ukipita, hata mchwa anahama. Ana kasoro moja tu kwa biashara kama yetu. Hajui kuongopa. Ukimuuliza swali, anakujibu lile lile ulilomuuliza.

Jumamosi hii ninayowasimulia, Meneja aliacha gari kama kawaida, akaondoka kwa miguu na kimfuko chake cha kaptura. Lilikuwa bado safi tangu Jumamosi iliyopita, nikalifuta vumbi tu nikalifunika turubai. Simu yake huizima akifika stoo, na huko ndiko alikokuwa saa tatu asubuhi, wakati gari dogo la rangi ya udongo lilipoingia uwanjani likikohoa.

Akashuka mama mmoja mnene wa wastani, miwani puani, daftari mkononi.

"Wewe ndiye Povu?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana."

"Nina swali. Kusafisha gari kikamilifu kunachukua muda gani?"

Aliposema "kikamilifu" nikaiweka ndoo chini. Mwenye neno hilo alikuwa mmoja tu.

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Inategemea gari lenyewe. Kuna magari mepesi na kuna magari mazito ya kuelewa."

"Gari la kawaida. La mtu anayekwenda ofisini na kurudi."

Kabla sijajibu, shangazi akainua kichwa kutoka kwenye kiti cha gari jingine alichokuwa anakisugua. "Saa tano, mwanangu," akamwambia. "Likiwa chafu mno, saa sita. Na hapo tumeshakunywa chai."

Yule mama akaandika kwenye daftari. Kisha akasema taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Gari la mume wangu linachukua saa kumi na moja. Kila Jumamosi. Miezi minane."

Akatembea mpaka kwenye turubai. Akalifunua upande mmoja. Gari la Meneja likamtolea meno, linang'aa, kavu kabisa.

"Hili limefanya nini?" akauliza.

"Linapumzika, mama."

"Limechoka na nini?"

"Rangi, mama. Tumeipaka nta. Nta inataka utulivu. Ukiliendesha mapema inashtuka."

"Inashtuka."

"Ndiyo, mama. Halafu viti..."

"Viti bado vibichi," akanimalizia. Kumbe sauti yangu ya simu alikuwa anaijua vizuri. Akapitisha mkono dirishani, akakipapasa kiti cha mbele, akaviangalia vidole vyake vilivyo vikavu kama biskuti. Hakugomba. Angegomba ningepona.

"Nisafishie na langu," akasema. "Kikamilifu, kama la mume wangu. Mimi nitakaa hapa."

Akavuta kiti cha plastiki. Akaitazama saa yake, akaandika: saa tatu na dakika tano.

Wapendwa, mmewahi kuona mtu anaombewa mvua wakati nyumba haina paa? Ndivyo nilivyokuwa. Nikimaliza kwa saa sita, nimemuumbua Meneja, na Meneja ndiye mwenye uwanja. Nikitaka kumwokoa, ni lazima kigari kile kidogo kichukue saa kumi na moja, tena mbele ya mwenyewe, mwenye saa na kalamu.

Nikajisemea, Povu, leo ndiyo siku ya kulistahili jina lako.

Nikaanza na magurudumu. Si kuyaosha kama unavyojua wewe. Nilichukua mswaki wa meno, nikaanza kusugua nati moja moja. Nati ina pande sita. Gurudumu lina nati nne. Nilisugua kila upande, nikasuuza, nikapuliza, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu anayechagua mchumba.

Mama akaandika, akisoma kwa sauti: "Nati. Dakika arobaini."

"Ndipo uchafu unapojificha, mama."

"Endelea."

Nikapaka povu. Nikaliacha povu "liongee na uchafu." Nikasuuza. Nikapaka tena. Maji yaliyotiririka yalikuwa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na nyuma yake kitu kikaanza kujitokeza ambacho hata mimi sikukitegemea.

"Mama! Kumbe gari hili ni jekundu!"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hata mimi nilikuwa nimeshasahau," akasema.

Baada ya hapo nikatoa ule udongo laini wa kuvuta vumbi lililong'ang'ania rangi, nikaupitisha kwenye kila shibiri ya mwili wa gari. Kazi hiyo ni ya kweli, siitanii, inataka subira. Lakini mimi niliifanya kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mwenzangu huko ndani naye anaenda kwa mwendo wa mtu mwenye treni ya kuwahi.

"Nimemaliza viti, mwanangu," shangazi akaita.

"Rudia, shangazi."

"Nirudie nini? Vimetakata."

"Rudia tu, shangazi yangu."

"Nikirudia kitambaa kitatoboka, tumlipe mama wa watu viti vipya. Unaumwa?"

Yule mama akaandika: "Viti. Saa moja na robo."

Nikamkazia shangazi jicho. Akanikazia lake. Jicho la aliyekulea halikosi. Nikarudi kwenye mlango wangu.

Kisha shangazi akaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma, ukaingia mpaka begani, ukatoka na kitu. Kiatu cha mtoto. Kimoja, cha kitambaa, kidogo kama kiganja, cheupe kilichogeuka kijivu.

"Mama, hiki cha nani?"

Yule mama akainuka, akakipokea. "Cha kitinda mimba wangu."

"Ana umri gani sasa?"

"Yuko chuo. Mwaka wa pili."

Shangazi akakaa chini palepale, kwenye kizingiti cha gari. "Ina maana gari hili halijasafishwa tangu..."

"Tangu nikiwa na mtoto wa kumvisha kiatu. Lilikuwa linapigwa maji siku ya mvua." Akakipangusa kile kiatu kwa kidole gumba. "Nilimwambia baba yao, siku moja nipelekee na langu. Akasema, Jumamosi kuna foleni."

Nilijifanya nasafisha kioo. Kioo kilikuwa safi tangu saa nne.

Mchana ukapita. Nikapaka polishi, nikaiondoa. Nikapaka nta, nikaiondoa. Nikasafisha kibonyezo cha honi. Nikasafisha tundu la ufunguo kwa kijiti cha masikio. Nikafungua boneti, lakini sehemu hiyo, kwa sababu mnazozijua, nilitumia kitambaa kikavu na dua. Nikalainisha mipira ya milango. Nikatoa jeki, nikaiosha jeki.

"Jeki," mama akaandika. "Dakika ishirini na tano."

Ilipofika saa tisa na nusu, nilikuwa nimeinama nyuma ya gari, nasugua ndani ya bomba la moshi, na kichwa changu hakina tena kitu cha kuosha. Gari lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Ungeliweka sebuleni.

Shangazi akaja akasimama juu yangu. "Toka humo, mwanangu. Limeisha."

Nikatoka.

Yule mama akafunga daftari. "Saa sita na dakika ishirini na tano. Pamoja na jeki."

"Mama, mimi..."

"Niambie yuko wapi."

Nilitafuta uongo. Naapa niliutafuta, nikauita kwa majina yake yote, hata mmoja haukuitika. Shangazi alikuwa ananitazama.

"Anacheza drafti, mama," nikasema. "Nyuma ya gereji. Hakuna mwanamke, haki ya nani. Ni vizibo vya soda tu."

Nilidhani atashusha pumzi, atacheka, atasema alhamdulillahi. Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Nilimfuata mwezi wa pili tu. Nilichungulia dirishani." Akakaa tena kwenye kiti. "Ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia. Ningevua viatu tukamalizana. Lakini vizibo? Mtu anakukimbia saa kumi na moja, wiki hadi wiki, kwenda kusukuma vizibo. Anacheka huko, nilimsikia. Nyumbani mara ya mwisho alicheka redio ilipoharibika. Sasa nenda ukamvute nywele kizibo."

Bomba lilikuwa linadondosha maji, nikaenda kulifunga ili nipate pa kupeleka mikono.

"Kama unajua," nikauliza, "ulikuja kupima nini?"

"Muda wangu."

Akalifungua daftari ukurasa wa nyuma, akanionyesha. Ilikuwa orodha: kabati la nguo, kitanda cha wageni, jiko, cherehani, meza ya kulia chakula, viti sita.

"Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi lori litakuja nyumbani. Ninahama. Nimeshapata nyumba, karibu na dada yangu. Mwenye lori anasema kufungua kabati, kupakia na kushusha ni saa saba. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama nyinyi mna kitu chochote cha kumshika mume wangu mpaka jioni. Akichoka na drafti akaja saa nane, mtampa nini? Nimekaa hapa kutwa, nimeona. Hamna. Ukimaliza jeki umefilisika."

Kalamu ikaingia kwenye mkoba.

"Kwa hiyo nakuomba. Akija mapema, mzuie. Mpaka saa kumi na mbili. Umemfanyia yeye miezi minane. Nifanyie mimi siku moja."

Nikahisi jasho linanishuka mgongoni kama maji ya kusuuza. "Mama, Meneja ndiye aliyenipa uwanja huu. Nitamtazamaje usoni? Kumdanganya mtu aliyekuokota ni jambo zito."

Shangazi akaguna. Mguno wake naujua tangu utoto. Ukiusikia, fimbo iko njiani.

"Kumbe unajua kuwa ni zito," akasema. "Wanawake watano wanapiga simu, unawaambia viti vibichi huku unatafuna mahindi. Hukuona uzito. Leo mwanamke mmoja anaomba zamu yake, ndiyo umekumbuka dini?"

Mtu akikuosha hivyo huna haja ya kuoga.

"Sawa, mama," nikasema. "Mpaka saa kumi na mbili."

Hakunishukuru. Aliinuka, akalizunguka gari lake pole pole, akagusa mlango kwa ncha za vidole kama anayegusa ukuta wenye rangi mbichi. Kisha akaomba jambo ambalo sikulielewa.

"Naweza kukaa ndani kidogo? Sina haraka leo. Sijawahi kulisikia likinukia hivi tangu linunuliwe."

Akaingia, akafunga mlango, akapandisha vioo. Vile vioo ni vyeusi; ukiwa nje unajiona mwenyewe. Nikamwacha na kiatu chake cha mtoto. Shangazi akaenda kuanika matambara.

Haikupita hata robo saa, nikasikia lango la nyuma linalia. Nikageuka.

Meneja.

Saa kumi ya mchana! Miezi minane hajawahi kutokea kabla ya jua kuzama. Kimfuko chake mkononi, na uso kama wa mtu aliyetoka kumzika jirani.

"Bosi! Mbona mapema?"

"Mchezo umevunjika," akasema. Akaja moja kwa moja, akaegemea gari la karibu, akapumua. Gari la karibu lilikuwa jekundu.

Nikataka kupiga kelele. Nikaishia kukamua kitambaa kilichokauka.

"Unamjua Bwana Mihuri? Mwenye gari la kijani?" akaniuliza.

"Namjua. Leo hakuleta."

"Hakuleta kwa sababu Jumamosi iliyopita alirudi nyumbani akakuta sauti yake mwenyewe inamrudia. Nyumba tupu, Povu! Mke amehama na kila kitu. Katikati ya sebule amemwachia ubao wa drafti na mshumaa. Leo mchana ndiyo ametuhadithia, analia kama mtoto. Mtu mzima, mihuri yote ile!"

"Pole yake, Bosi. Twende tukakae kule kivulini..."

"Niache niseme. Nimetembea njia nzima nawaza. Hivi mimi mara ya mwisho nilikaa na mke wangu lini? Kukaa tu?" Akajifuta uso kwa kile kimfuko cha kaptura. "Jumamosi ijayo silileti gari. Nitashinda nyumbani kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nitamwambia kila kitu."

Saa mbili asubuhi. Lori. Kabati, kitanda cha wageni, cherehani. Na Meneja sebuleni, ananywa chai.

"Haiwezekani, Bosi," nikajikuta nimesema. "Jumamosi ijayo ni lazima ulilete."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... nta, Bosi."

"Nta ina nini?"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye kamba ya matambara, kitambaa kimoja kimemning'inia mkononi, ananiangalia mimi, anaangalia lile gari, ananiangalia mimi.

Meneja hakungoja jibu. Alikuwa ameanza kulitazama gari aliloliegemea. Akalipapasa paa, akarudi nyuma, akatikisa kichwa kwa kulipenda.

"Hili ni la nani, Povu? Linang'aa kuliko langu."

"La mteja, Bosi."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Unaona? Huyo ana mume anayemjali," akasema kwa huzuni. "Mke wangu naye ana kagari kake kadogo kama haka haka. Ila lake ni la kahawia."

Kioo cha upande wa dereva kikaanza kushuka. Pole pole. Mimi mwenyewe ndiye niliyekilainishia mipira mchana ule, na hakikulia hata kidogo.